Kipimo cha kwanza kilisema hana: mshtuko wa moyo katika umri wa miaka 41 na jeni iliyokatika kipande

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 41. Havuti sigara, hana kisukari, uzito wake ni wa kawaida na shinikizo la damu ni 128 kwa 80. Kifua kilimbana kwa muda wa saa mbili kabla hajafika hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mshtuko upande wa mbele. Alipoingizwa katheta, ateri inayoshuka mbele ya moyo ilikutwa imeziba, ikazibuliwa na kuwekwa stenti, kijibomba cha waya kinachoiacha wazi. Alianzishiwa aspirini na tikagrelori, dawa za kuzuia damu kuganda. Kisa hiki ni cha mfano: kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kliniki za lehemu, wala si faili la mtu mmoja.

Matibabu ya dharura yalikwenda vizuri, na kwa wagonjwa wengi wa namna hii habari huishia hapo. Stenti imeokoa msuli wa moyo, lakini haijaeleza kwa nini ateri ya mtu wa miaka 41 asiye na hatari yoyote inayoonekana imeziba. Asipoulizwa mtu swali hilo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kuna uwezekano mkubwa kwamba litaulizwa tena siku nduguye atakapoletwa na maumivu yale yale.

Damu ya saa ya kwanza, na visigino

Damu iliyochukuliwa alipofika ilikuwa na lehemu ya jumla 9.1 milimoli kwa lita, HDL (ile iitwayo lehemu nzuri) 1.0 na trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 1.6. LDL, lehemu inayoziba mishipa, hupatikana kwa kutoa: 9.1, toa 1.0, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Jibu ni 7.4. Hesabu hii inaaminika trigliseridi zikiwa chini ya 4.5, zikizidi hapo, LDL ipimwe moja kwa moja.

Saa ya kuchukua damu ina uzito wake. Baada ya mshtuko wa moyo LDL huanza kushuka ndani ya siku moja au mbili kwa sababu ya uvimbe unaoendelea mwilini, na dozi kubwa ya statini, dawa ya kushusha lehemu, inayotolewa siku hiyo hiyo huishusha zaidi. Kama damu ingechukuliwa siku ya nne, namba ingeweza kuonekana ya wastani na huenda hakuna ambaye angeshtuka. Mgonjwa anayekuja akiwa tayari anameza statini naye huficha LDL yake ya asili: atorvastatini ya miligramu 80 huishusha kwa takriban nusu, hivyo LDL ya 3.7 kwa mtu huyo humaanisha alianzia karibu 7.4.

Kabla ya kuilaumu jeni, vyanzo vingine vilipimwa: tezi ya shingo, protini kwenye mkojo, ini na njia ya nyongo. Vyote vilikuwa sawa. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na tezi iliyolegea ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kupandisha LDL kwa kiasi cha kumdanganya daktari.

Siku ya tatu ndipo mtu alipofunua shuka na kushika visigino. Kano ya nyuma ya kisigino ilikuwa nene na yenye vinundu. Namna ya kuipima ni rahisi: mgonjwa alegeze mguu, kano ishikwe kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vikipanda taratibu kutoka kisiginoni hadi kwenye shavu la mguu. Kano ya kawaida ni nyembamba, ina kingo kali na unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Yenye lehemu ni pana, haina kingo na hupapasika kama kamba yenye mafundo. Zoezi hili huchukua chini ya dakika moja na halihitaji kifaa.

Baba wa mgonjwa alifariki ghafla akiwa na miaka 44. Kwa vigezo vya Uholanzi vinavyotumika sehemu nyingi duniani kutambua lehemu ya juu ya kurithi, yaani FH, hesabu yake ni hii: baba kupata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, alama 1, mgonjwa mwenyewe kuupata mapema, alama 2, LDL kati ya 6.5 na 8.4, alama 5. Kano zenye lehemu, alama 6. Jumla 14. Zaidi ya 8 ni FH ya uhakika. Bila kuvishika visigino angepata 8 na kuandikwa "inawezekana sana", jina ambalo kwenye faili huahirisha mambo.

Miaka ikizidishwa kwa lehemu

Ugumu wa FH hauko kwenye namba ya LDL peke yake, uko kwenye muda. Mtu mwenye FH huanza kubeba LDL ya juu tangu kuzaliwa. Tukichukua kwamba wastani wake ulikuwa 7.4 kwa miaka 41, mishipa yake imepokea mzigo wa takriban 303, yaani 7.4 ikizidishwa kwa 41. Mwenye LDL ya 3.0 angehitaji kuishi miaka 101 ili afikishe mzigo huo. Kwa kipimo hiki, ateri zake ni za mzee sana katika mwili wa mtu wa makamo.

Hesabu hiyo ni ya kukadiria, lakini wazo lililo ndani yake limethibitishwa na jeni zenyewe. Katika majaribio ya statini, kila milimoli 1 ya LDL inayoshushwa hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 22 ndani ya miaka mitano hivi. Watu waliozaliwa na mabadiliko ya jeni yanayoshusha LDL kwa kiasi hicho hicho, maisha yao yote, hupungukiwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa zaidi ya nusu. Tofauti hiyo imeletwa na wakati wa kuanza. Ndiyo maana binti wa mgonjwa huyu, ambaye tutamfikia, ana mengi zaidi ya kupata kuliko baba yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Wenye LDL ya 4.9 au zaidi lakini wasio na badiliko la jeni la FH walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban mara 6 ikilinganishwa na wenye LDL ya chini wasio na badiliko. Wenye LDL hiyo hiyo ya juu pamoja na badiliko walifika mara 22. Namba moja ya leo inaweza kuwa na historia mbili: mmoja ameipata ukubwani, mwingine amezaliwa nayo.

Jibu la kwanza la maabara

Seli za ini hukamata LDL kwa kipokezi kilicho juu ya utando wake, huiingiza ndani, huivunjavunja, kisha kipokezi hurudi juu kukamata nyingine. Michael Brown na Joseph Goldstein waliigundua njia hii kwa kuchunguza seli za wagonjwa wa FH, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Jeni ya kipokezi hicho, LDLR, iko kwenye kromosomu ya 19 na ina eksoni 18, yaani vipande vyenye maelekezo ya kutengeneza protini. Sehemu kubwa ya mabadiliko ya FH yanayopatikana yako humo. Machache yako kwenye APOB, ambayo hutengeneza protini inayoshikwa na kipokezi, na machache zaidi kwenye PCSK9.

Sampuli ya mgonjwa ilipelekwa kusomwa jeni hizo tatu. Ripoti ilirudi na sentensi moja: hakuna badiliko lenye madhara lililopatikana. Kwenye faili la kliniki sentensi hiyo ikaandikwa upya kuwa "FH imekanushwa". Hapo ndipo kisa kilipokaribia kuharibika, kwa sababu maneno hayo mawili hayalingani hata kidogo. Hata kwa wagonjwa wenye FH ya uhakika kwa vigezo vya kliniki, badiliko hupatikana kwa takriban asilimia 60 hadi 80. Wanaobaki wengine wana jumla ya mabadiliko madogo madogo mengi, wengine wana badiliko ambalo njia iliyotumika haiwezi kuliona. Alama 14 na kano zenye vinundu havifutwi na karatasi ya maabara.

Swali sahihi la kuiuliza maabara lilikuwa: je, mlitafuta vipande vilivyofutika au kurudiwa? Takriban mabadiliko 10 kati ya kila 100 ya LDLR ni ya aina hiyo, na usomaji wa kawaida wa vipande vifupi hupitwa nayo. Sababu ni ya kimantiki. Kila mtu ana nakala mbili za jeni. Nakala moja ikikatika kipande, mashine husoma kipande hicho kutoka kwenye nakala nzima iliyobaki na kukuta herufi zote za vinasaba ziko sahihi. Herufi haziwezi kutaja kisichokuwapo. Kinachobadilika ni wingi: eneo lililokatika husomwa mara pungufu, karibu nusu ya majirani zake.

Kuna dalili nyingine ambayo mchambuzi mwenye jicho huiona. Katika eneo lililofutika, kila tofauti ya kawaida ya herufi huonekana kama mtu amerithi herufi moja tu, kwa kuwa kweli ipo moja. Mfululizo mrefu wa namna hiyo katikati ya LDLR unapaswa kumfanya mchambuzi arudi kwenye wingi wa usomaji.

Maabara ilichambua upya data ile ile kwa wingi, kisha ikathibitisha kwa kipimo cha MLPA, kinachohesabu nakala za kila eksoni. Matokeo: eksoni ya 3 hadi ya 6 imefutika kwenye nakala moja. Eneo hilo ndilo lenye meno ya kukamata LDL. Sampuli ya pili ilikuwa damu badala ya mate, na hilo lilisaidia. Vinasaba vilivyochakaa au vichache hufanya wingi upande na kushuka ovyo, na kufutika kwa kweli hupotea katikati ya fujo hiyo.

Tahadhari ya upande wa pili ni hii: ripoti ikisema badiliko lina maana isiyojulikana, lisitumike kupima ndugu ili kuwaambia wana FH au hawana. Lifuatiliwe, liulizwe tena baada ya mwaka mmoja au miwili, maana uainishaji hubadilika kadiri ushahidi unavyoongezeka. Ndugu wapimwe lehemu wakati wa kungoja.

Dawa, na kwa nini ya tatu ilifanya kazi

Mgonjwa alianza na atorvastatini miligramu 80 pamoja na ezetimibe miligramu 10, inayopunguza lehemu inayofyonzwa na utumbo. Lengo kwa mtu ambaye tayari amepata mshtuko wa moyo ni LDL chini ya 1.4 na kupungua kwa angalau nusu. Hesabu ingeweza kufanywa siku ya kwanza: 7.4 ikikatwa nusu ni 3.7, ezetimibe ikiondoa sehemu ya tano ya hiyo inabaki takriban 3.0. Lengo halifikiki kwa vidonge hivyo viwili hata akivimeza bila kukosa. Baada ya wiki sita LDL ilikuwa 3.1, kama ilivyotarajiwa, na haikuwa haki kumshuku kwamba hamezi dawa.

Dawa ya tatu ilitoka moja kwa moja kwenye jeni za binadamu. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na Kanada walionyesha kwamba familia fulani zenye FH zina mabadiliko yanayoizidishia nguvu protini ya PCSK9. Protini hii hujishikiza kwenye kipokezi cha LDL na kukipeleka kuvunjwa badala ya kukiacha kirudi juu. Kisha Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas wakatafuta kinyume chake, yaani watu ambao PCSK9 yao imeharibika. Mwaka 2006 walichapisha kwamba kati ya Wamarekani weusi waliofuatiliwa miaka 15, asilimia 2.6 walikuwa na mabadiliko ya aina hiyo. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88. Watu hao walikuwa wazima, na maumbile yalikuwa yameshafanya jaribio la dawa kabla dawa yenyewe haijatengenezwa. Kingamwili za kuzuia PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015.

Mgonjwa alipewa mojawapo ya kingamwili hizo, evolokumabu miligramu 140 chini ya ngozi kila wiki mbili. LDL ilishuka hadi 1.2. Ilifanya kazi kwa sababu bado ana nakala moja nzima ya LDLR, na dawa huviacha vipokezi vya nakala hiyo vikae juu ya seli kwa muda mrefu zaidi. Mtu aliyerithi nakala mbili zilizokufa kabisa asingepata chochote cha maana, kwa kuwa hakuna kipokezi cha kuokolewa. Huyo huhitaji njia isiyopitia LDLR, kama evinakumabu inayozuia protini ya ANGPTL3, au kusafishwa kwa damu kwa mashine. Hapo aina ya badiliko huchagua dawa. Kwa asiyependa sindano za mara kwa mara ipo inklisirani, inayonyamazisha utengenezaji wa PCSK9 ndani ya ini: sindano ya kwanza, ya pili baada ya miezi mitatu, kisha moja kila miezi sita.

Jeni moja zaidi ilizungumzwa. Klopidogreli hugeuzwa kuwa dawa hai na kimeng'enya cha CYP2C19, na waliorithi nakala mbili zisizofanya kazi hawalindwi vya kutosha dhidi ya damu kuganda kwenye stenti. Yeye alikuwa kwenye tikagrelori, ambayo haitegemei ugeuzaji huo, hivyo kipimo hakikuagizwa. Iliandikwa tu kwamba akibadilishiwa dawa mapema, kwa kutokwa damu au kubanwa pumzi, swali hilo lirudi mezani.

Urithi wa pili uliojificha

Lipoproteini(a), chembe ya damu inayofanana na LDL, ilikuwa kwake nanomoli 210 kwa lita. Kuanzia 125 huhesabiwa hatari. Kiwango hiki huamuliwa karibu chote na jeni ya LPA kwenye kromosomu ya 6, hakibadiliki sana maishani, na takriban mtu mmoja kati ya watano duniani anacho cha juu. Hupimwa mara moja, na wengi hawajawahi kupimwa hata hiyo mara moja. Statini haikishushi. Kinachofanyika kwa sasa ni kushusha LDL kwa bidii zaidi na kudhibiti kila hatari nyingine.

Kwa familia, jambo la kushika ni kwamba LPA na LDLR ziko kwenye kromosomu tofauti na hurithiwa kila moja kivyake. Mtoto anaweza kuchukua moja, zote mbili au asichukue hata moja. Kukosa kufutika kwa LDLR hakumsafishi mtu na lipoproteini(a).

Alama ya jumla ya jeni nyingi haikuagizwa, ingawa mgonjwa aliiomba. Eneo la 9p21 kwenye kromosomu ya 9, lililogunduliwa na vikundi kadhaa mwaka 2007, huongeza hatari bila kupitia lehemu, na alama za kisasa hujumlisha mamilioni ya tofauti kama hizo. Zina thamani kwa mtu mzima wa afya anayesitasita kuanza statini. Kwa mtu mwenye stenti, FH na lengo la 1.4, hakuna uamuzi ambao zingebadilisha. Zaidi ya hayo, nyingi zimefunzwa kwa data ya watu wenye asili ya Ulaya na usahihi wake hupungua sana kwa wengine, hasa wenye asili ya Afrika. Alama isiyopimwa katika kundi la mgonjwa isitolewe kana kwamba ina uhakika.

Aliuliza pia kama HDL yake ya 1.0 ipandishwe. Jeni zilishajibu: waliorithi badiliko la jeni ya LIPG linalopandisha HDL hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo, kama utafiti wa mwaka 2012 ulivyoonyesha. HDL ya chini ni ishara ya mambo mengine, na kuipandisha kwa dawa si tiba.

Ndugu

Badiliko likishajulikana, kipimo cha ndugu huwa chepesi na cha bei nafuu zaidi, kwa maana maabara hutafuta kitu kimoja tu. Kila ndugu wa karibu ana nafasi ya nusu kwa nusu. Lazima maabara iambiwe ni kufutika kwa eksoni. Ikisoma herufi tu, itawapa ndugu wote majibu safi ya uongo.

Mama alikuwa na LDL ya 3.2 bila kufutika, hivyo badiliko lilitoka kwa baba aliyefariki. Dada wa miaka 38 hana badiliko, LDL yake ni 3.1 na lipoproteini(a) iko chini. Alirudishwa kwenye uchunguzi wa kawaida kama mtu yeyote. Mdogo wake wa kiume, miaka 35, ana LDL ya 5.2. Kwa kutazama namba hiyo peke yake wengi wangemshauri apunguze mafuta na arudi mwakani. Ana kufutika kule kule. Tofauti ya LDL kati ya ndugu wenye badiliko moja ni ya kawaida, kwa sababu jeni nyingine na mwenendo huongeza au kupunguza. Hana ugonjwa unaojulikana, lengo lake ni chini ya 1.8, rosuvastatini miligramu 20 na ezetimibe vilimfikisha 1.9, ikapandishwa hadi 40 na akafika 1.7.

Mtoto wa kiume wa mgonjwa, miaka 6, hana badiliko na LDL yake ni 2.6. Binti, miaka 10, analo, na LDL yake ni 5.6. Wazazi walisita kumpa mtoto asiyeumwa dawa ya maisha, na kusita huko kunastahili jibu la kweli. Lipo: watoto 214 wa Uholanzi wenye FH walioanza statini utotoni walifuatiliwa miaka 20. Hadi kufikia miaka 39, asilimia 1 yao walikuwa wamepata tukio la moyo na mishipa, dhidi ya asilimia 26 ya wazazi wao wenye FH ambao dawa hazikuwapo walipokuwa na umri huo. Alianza rosuvastatini miligramu 5. LDL yake sasa ni 3.4, chini kidogo ya lengo la 3.5 kwa watoto. Urefu, uzito, kubalehe na vimeng'enya vya ini vinafuatiliwa, na atakapokuwa msichana mkubwa ataelezwa mapema, yeye mwenyewe, kwamba statini hupangwa upya kabla ya kushika mimba.

Wamebaki ami wawili, shangazi mmoja na watoto wao. Mgonjwa amepewa barua ya kuwafikishia, kwa sababu kliniki haina haki ya kuwapigia simu watu ambao hawajaomba. Barua ya namna hii hushindwa ikiandikwa tu "kuna lehemu ya kurithi katika familia". Hii ina jina la jeni, eksoni zilizofutika, jina kamili la badiliko kama lilivyo kwenye ripoti, njia iliyolithibitisha, na mstari wa kumwambia daktari atakayeipokea kwamba usomaji wa herufi pekee hautoshi. Imeambatanishwa nakala ya ripoti ya MLPA. Ile ya kwanza, iliyosema hakuna kitu, imebaki kwenye faili ikiwa na maelezo pembeni.